Babu Anavuja

Kama nawe una shemeji anayejua kompyuta, sogea karibu tupeane pole. Wa kwangu anaitwa Idrisa, ila nyumba nzima tunamwita Profesa, kwa sababu hata akila ugali havui miwani ya kusomea, na kwa sababu hakuna kitu katika nyumba hii, kuanzia mita ya umeme hadi kitasa cha choo, ambacho hajakitolea mhadhara. Ni kaka wa mke wangu. Alikuja kukaa kwetu apate kujipanga, na bado anajipanga. Nampenda sana, lakini kuna asubuhi natamani asingeamka na habari.

Tunakaa Ngamiani, Tanga, na baraza letu la mbele ni stesheneri. Mwenye stesheneri ni mke wangu, Mama Nasra, ambaye mimi na watoto tunamwita Waziri wa Fedha. Pale anachapa barua, anatoa kopi, anaskani vyeti vya kuzaliwa, na zaidi ya yote anawasaidia vijana kujaza maombi ya kazi na ya mkopo wa chuo mtandaoni. Mteja anakaa kwenye kiti cha plastiki, anaandika barua pepe yake na neno lake la siri. Wengine hawajazoea kibodi, basi wanalitaja kwa sauti na Waziri anawaandikia. Mama wa watu anatoa mkobani kitambulisho, cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha mumewe, vyote vinaskaniwa. Ukifikiri vizuri, nusu ya siri za mtaa wetu zimepita barazani kwetu.

Na zote zilipita ndani ya Babu.

Babu ni kompyuta ya mezani tuliyoinunua mtumba Kariakoo, ikiwa bado na stika ya ofisi ya Ulaya iliyoitumia kwanza. Prosesa yake ni Core 2 Duo, namba E8400, iliyoingia sokoni Januari 2008. Kwa miaka mingi Babu hakutuangusha. Alikuwa akiwaka kwa mngurumo, feni ikitoa vumbi kama daladala ya Muheza, halafu anatulia na kuchapa kazi hadi usiku. Waziri alikuwa akimpangusa kwa mkono wake mwenyewe, heshima ambayo mimi sijawahi kuiona ikitolewa kwa pikipiki yangu.

Sasa, mwanzoni mwa Januari 2018, Profesa akaingia sebuleni na simu mkononi, akatangaza kwamba prosesa za dunia nzima zina ufa. Waziri alikuwa anahesabu mauzo. Akauliza bila kuinua kichwa, "Ufa uko wapi? Nionyeshe."

Hapo ndipo shida ilipoanzia, maana ufa wenyewe hauonekani. Habari ilitangazwa tarehe 3 Januari, siku chache kabla ya tarehe iliyokuwa imepangwa, na ilikuja na majina mawili: Meltdown na Spectre. Waliougundua hawakuwa kundi moja. Jann Horn wa Google aliufikia kwa njia yake, na kampuni yake ikaiarifu Intel tangu Juni 2017. Wataalamu wa Cyberus Technology huko Ujerumani wakaufikia kwa njia yao, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, akina Daniel Gruss, Moritz Lipp na Michael Schwarz, wakaufikia kwa yao. Kwenye Spectre alikuwamo pia Paul Kocher. Gruss alijaribu kuivamia kompyuta yake mwenyewe nyumbani, akaona anwani za tovuti alizofungua zikitoka mahali ambapo hazikutakiwa kutoka kamwe. Watafiti walisema Meltdown huenda inagusa karibu kila prosesa ya Intel iliyotoka tangu 1995, ukiondoa Itanium na zile Atom za kabla ya 2013.

Profesa aliyaeleza haya yote kwa mpigo, akitembea huku na huku mbele ya televisheni, na watu wanaangalia tamthilia. Hakueleweka. Waziri akafunga daftari na kusema kama kuna ufa, kampuni ichukue chuma chake, itupe kingine.

Naomba nimtetee mke wangu hapa, kwa sababu hoja yake ina historia. Binti yetu mkubwa, Nasra, tunayemwita Injinia, ndiye aliyeichimbua. Mwaka 1994 profesa wa kweli wa hesabu, Thomas Nicely wa Lynchburg College kule Marekani, aligundua kwamba prosesa ya Pentium inakosea kugawanya baadhi ya namba. Injinia alitaka tuone kosa lenyewe. Akachukua kalamu na karatasi ya nyuma ya kalenda, akagawanya 4195835 kwa 3145727 kwa njia ndefu, ulimi nje, hadi sahani za chakula cha usiku zikaondolewa mezani. Akapata 1.33382 na ushee. Pentium mbovu ilikuwa inatoa 1.33373 na ushee. Tofauti ipo kule mwishoni kabisa, mahali ambapo muuza nyanya hafiki. Hata hivyo Intel ilikubali mwishoni mwa mwaka huo kuwabadilishia wateja prosesa zao, na ikatenga dola milioni 475 kwa ajili hiyo.

"Si mnaona?" Waziri akasema. "Wale walikosewa hesabu tu, wakabadilishiwa."

Profesa akaeleza kwamba safari hii hakuna wa kubadilishiwa. Ufa umo katika namna yenyewe ambayo prosesa zimejengwa ziwe na mbio, na chuma kikishatoka kiwandani hakishonwi. Kinachowezekana ni kuweka viraka kwenye programu, na kurekebisha maikrokodi, yaani yale maelekezo madogo ya ndani yanayoiongoza prosesa yenyewe. Akaahidi kwamba atamtibu Babu yeye mwenyewe. Nyumba hii ikisikia neno "mwenyewe" kutoka kwa Profesa, watu wenye akili wanahamisha vyombo.

Akachagua usiku wa kuamkia siku ambayo Waziri alikuwa na kazi ya kuchapa mitihani ya shule moja jirani. Akapakua kila apdeti iliyokuwepo, bando la mwezi mzima likaenda. Asubuhi Babu akawaka, lakini si Babu tuliyemjua. Ukifungua faili, unangoja. Ukituma kurasa kwenye printa, unangoja. Mwalimu amesimama barazani na mwavuli, Waziri amesimama nyuma ya kiti, Profesa amekaa mbele ya kioo akisema ni jambo la kawaida, na Sudi, kitinda mimba wetu, anawatangazia wapita njia kwamba Mjomba ameharibu kompyuta. Sudi tunamwita Redio. Betri yake haiishi.

Nasema kwa haki kabisa, Profesa hakusema uongo. Kiraka cha Meltdown kinatenga kumbukumbu ya kiini cha mfumo na kumbukumbu ya programu za kawaida, kwa hiyo kila programu inapokiomba kiini huduma, kama kusoma faili au kutuma kurasa, prosesa inalazimika kubadili ramani ya kumbukumbu kwenda na kurudi. Prosesa mpya zina ufundi wa kuhifadhi ramani mbili bila kuzifuta kila safari. Core 2 Duo haina. Inafuta, inajaza upya, inafuta tena. Microsoft wenyewe walisema wazi Januari hiyo kwamba kwenye mashine zenye prosesa za 2015 kurudi nyuma zikitumia Windows 7 au 8, watumiaji wengi watahisi uzito. Basi tukauhisi. Mitihani ilimalizika usiku, kwa msaada wa kahawa na tangawizi, na Profesa akala chakula chake jikoni kwa wiki nzima.

Kilichofuata ni kipindi cha baridi. Profesa, kwa kutaka kurudishiwa heshima, akapendekeza azime kinga ili mbio zirudi. Waziri akauliza, "Ulikuwa unasema ni hatari, sasa si hatari?" Akajibu kwamba hata viraka vyenyewe vina matatizo, na hapo napo alikuwa na ushahidi. Tarehe 22 Januari Intel iliwaambia watu wasimamishe maikrokodi ya kwanza iliyotoa kwa baadhi ya prosesa, kwa kuwa mashine zilikuwa zinajizima na kuwaka zenyewe. Mwezi Machi mtafiti Ulf Frisk akaonyesha kwamba kiraka cha Januari cha Windows 7 ya biti 64 kilifunga tundu la Meltdown na kuacha wazi mlango mkubwa kuliko tundu: programu yoyote iliweza kusoma kumbukumbu yote ya kompyuta moja kwa moja, gigabaiti kwa sekunde, bila ufundi wowote. Kikatolewa kiraka cha kufunika kiraka.

Halafu mwanzoni mwa Aprili ikaja habari iliyonigusa hata mimi, nisiye na cheo. Intel ilitoa orodha ya prosesa ambazo haitazitengenezea maikrokodi ya kinga dhidi ya Spectre. Humo mlikuwa na Penryn, Yorkfield na Wolfdale. Wolfdale ndiyo jamaa ya E8400, ndiyo Babu wetu. Sababu walizotoa ni pamoja na kwamba mashine hizo nyingi, kwa mujibu wa wateja wao, zinatumika mahali palipofungwa ambapo hatari ni ndogo. Niliposoma hivyo nilitazama barazani kwetu: kiti cha plastiki, foleni, vijana wanaandika maneno yao ya siri. Mahali pa wazi kuliko hapo pako wapi? Mashine zikichoka huko kwao zinapakiwa kwenye makontena na kuja kwetu, na hapa zinaanza maisha mapya katikati ya watu. Mwenye kupanga orodha kama ile alipaswa kulifikiria na baraza la Ngamiani.

Lakini ndani ya nyumba bado hakuna aliyekuwa ameuelewa ufa wenyewe. Tuliufahamu kwa sababu ya Bibi.

Bibi ni bibi wa mke wangu. Mimi ananiita mume wangu, na mke wangu anamwita mke mwenzangu, na kwa utani huo ananidai doti ya kanga kila mwisho wa mwezi, na ninatoa. Watoto wanamwita Jemedari kwa sababu hasubiri amri ya mtu. Ukisema "Bibi, naomba…", ameshainuka. Atakuletea maji kabla hujasema ni maji ya kunywa au ya kunawa, na kama siyo uliyotaka, atayarudisha kimya kimya na kuleta mengine. Ndiyo maana kazi za nyumba hii zinakwenda.

Ramadhani ya mwaka huo, kumi la mwisho, Waziri alinunua nguo za Idi akazifungia katika sanduku la bati chini ya kitanda cha Bibi. Amri ikatoka kwamba hakuna mtoto atakayeambiwa rangi. Redio akazunguka siku nzima. Mwishowe akamwendea Bibi: "Bibi, hebu angalia nguo yangu ni rangi gani, halafu nitolee kabatini leso ya rangi hiyohiyo nimtandikie paka." Bibi, kwa wepesi wake, akafungua sanduku, akatazama, akaenda kabatini, akachomoa leso. Sauti ya Waziri ikatoka jikoni: "Bibi! Sanduku hilo hapana!" Bibi akakumbuka amri, akairudisha leso, akafunga sanduku, akafumba mdomo. Mtoto hakuonyeshwa kitu wala hakuambiwa kitu.

Redio akakaa chini, mpole. "Basi Bibi nipe leso nyekundu." Bibi akachakura weee, mpaka ikapatikana. "Hapana, nipe ya njano." Akachakura tena. "Nipe ya kijani." Ile ya kijani ikatoka papo hapo, ilikuwa juu kabisa. Redio akaruka: "Nguo yangu ya kijani!" Kufikia futari mtaa mzima ulikuwa unajua.

Waziri alikasirika. Profesa alisimama na tende mkononi, macho yamemtoka, akasema, "Dada, hiyo ndiyo Meltdown."

Na ndiyo hasa. Prosesa haipendi kukaa bure. Ikisubiri jambo moja, inatangulia kufanya mengine yaliyo mbele, hata kabla ya kuthibitisha kama yanaruhusiwa. Programu ya mwizi inaomba herufi iliyo sandukuni, kwenye kumbukumbu ya kiini cha mfumo. Prosesa inaichukua, inaitumia kuchomoa kitu kimoja kati ya 256, kwa sababu baiti moja inaweza kuwa na thamani 256, halafu ukaguzi wa ruhusa unafika na kusema hapana. Kila kitu kinafutwa, jibu halitolewi. Ila kile kilichochomolewa kimebaki juu, katika kumbukumbu ya haraka ya prosesa inayoitwa kache. Mwizi anaviomba vyote 256 kimoja kimoja, anapima muda. Kinachokuja upesi ndicho. Watafiti wa Graz waliweza kusoma hadi kilobaiti 503 kwa sekunde kwa njia hiyo. Spectre ni ya ujanja zaidi: inaizoesha prosesa kubahatisha vibaya, mpaka programu isiyo na kosa lolote ikajichomolea siri zake yenyewe.

Injinia akaongeza la kwake, na hapo nilijivunia binti. Alisema ndiyo maana siku moja tu baada ya tangazo, Firefox 57.0.4 ilitoka ikiwa na saa iliyopunguzwa makali, isiweze kupima chini ya maikrosekunde 20. Watafiti walikuwa wameonyesha kwamba hata JavaScript ya ukurasa wa mtandao inaweza kuwa Redio. Ukimnyima saa nzuri, hajui leso ipi imekuja upesi.

Mke wangu alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo Bibi hakusema neno."

"Hakusema."

"Na kufuli halikuvunjwa."

"Halikuvunjwa."

Akaenda barazani, akasimama mbele ya kile kiti cha plastiki. Aliporudi alikuwa ameshaamua, na katika nyumba hii Waziri akishaamua, sisi wengine tunapangiwa majukumu. Babu atatolewa kwenye mtandao. Atachapa, atatoa kopi za mitihani, basi. Mteja hataandika tena neno la siri mbele yake. Fedha ya kikoba, ambayo mimi nilikuwa nimeiwekea nia ya kukarabati pikipiki, itanunua mashine nyingine yenye prosesa inayopata dawa. Na flashi ya mteja haitachomekwa kabla ya kukaguliwa, kwa sababu alisema, na alisema kweli, kwamba virusi vya flashi ndivyo vinavyotuibia kila siku, na wizi wa kisomi wa Graz unahitaji kwanza mtu aingize programu yake ndani ya mashine. Ukifunga mlango wa mbele, mwizi wa sandukuni anapata kazi kufika.

Siku hiyohiyo tukagundua kwamba kompyuta salama kuliko zote nyumbani ilikuwa ya Bibi. Ana kilaptopu kidogo cha mtumba tunachokiita Kidagaa, kina Atom N270 ya 2008, anasikilizia kaswida na taarabu. Atom ile ni ya kizazi kinachofanya jambo moja baada ya jingine kwa mpangilio, hakitangulii kutekeleza yaliyo mbele, kwa hiyo Meltdown na Spectre hazina pa kushika. Mbio zake ni za kusikitisha, ila sandukuni haiingii bila ruhusa. Bibi alipoambiwa hakushangaa. Alisema tangu mwanzo alijua Profesa anahangaika na mashine isiyo na adabu. Kidagaa bado anacho, na Waziri amemkataza mtu yeyote kukigusa.

Msaada wa Windows 7 ulipofika mwisho, tarehe 14 Januari 2020, Injinia alimwekea Babu Linux. Akaniita nione. Alifungua folda ya mfumo inayoorodhesha kasoro za prosesa, jina baada ya jina. Kwenye Meltdown iliandikwa kwamba kinga ipo. Kwenye Spectre, kinga ipo, ile ya kuandika programu kwa namna nyingine, isiyongoja maikrokodi. Kwenye kasoro zilizotangazwa Mei 2019, zinazoitwa MDS, iliandikwa kwamba mashine iko hatarini, kusafisha kumejaribiwa, maikrokodi hakuna. Nilisimama pale nikausoma mstari ule mara mbili. Napenda mashine inayosema ukweli wake hivyo, bila kuulizwa na fundi. Laiti kila mtumba unaoshushwa bandarini ungekuja na karatasi kama hiyo imebandikwa ubavuni.

Sasa ile mashine ya kikoba nayo imezeeka. Ni ya kizazi cha sita cha Core, Windows 11 rasmi kwa kawaida inaanzia cha nane, na msaada wa kawaida wa bure wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Profesa anataka tuiwekee Linux kama Babu. Injinia anamuunga mkono, yuko chuo sasa, anatuma maelekezo kwa simu. Waziri anasema wateja wake wamezoea wanachokijua, na fomu nyingine zinasumbua, kwa hiyo anataka mpya. Kura zimepigwa wakati wa chakula cha usiku. Bibi alimuunga mkono mke mwenzake, Redio akafuata pilau inakotoka. Mabati ya banda la kuku, niliyokuwa nimeshayalipia nusu, yamesimamishwa, na kesho naenda dukani kuomba nirudishiwe malipo ya awali.